Kezia, Bado na Ua wa Mnyaa

Kabla ya kaburi kuchimbwa, wazee wa boma la marehemu mume wangu walitaka kujua jambo moja tu: Kezia wangu alikuwa mtoto au alikuwa msichana mkubwa? Kama alikuwa mtoto, angelazwa ndani ya boma, upande wa kushoto wa nyumba yangu, karibu na baba yake na kaka yake Okoth, aliyetutoka akinyonya kabla Kezia hajazaliwa. Kama alikuwa msichana mkubwa ambaye hajaolewa, angelazwa nje ya ua. Jibu lilikuwa kwangu. Hapakuwa na mtu mwingine pale nyumbani aliyelijua.

Nataka kueleza nililijuaje, na siwezi kueleza hilo bila kumtaja mnyama tuliyemwita Bado.

Sisi tunakaa Kaloleni, Nairobi, katika zile nyumba za mawe za zamani. Mume wangu Obonyo alikuwa karani wa reli. Alipofariki nilibaki na Kezia katika nyumba ile ile, tukauza mboga mbele ya mlango, tukamtegemea Mungu. Jina Kezia nililitoa katika kitabu cha Ayubu. Ayubu alipoteza watoto wake wote, kisha Mungu akampa wengine, na binti mmoja akaitwa Kezia. Mimi nilikuwa nimempoteza Okoth, nikaona jina hilo ni langu.

Kezia alizaliwa na seli mundu, ule ugonjwa wa damu inayokwama mwilini na kumfanya mtoto alie mifupa. Ugonjwa huo haumuumizi mtu tu, humchelewesha pia. Alipofika miaka kumi na tisa, ukimwona kwa nyuma ungemdhania wa darasa la tano. Alikuwa na kitambulisho cha serikali, lakini nani anatembea na kitambulisho shingoni? Siku moja kanisani mzee mmoja mgeni alimshika bega kwa upole, akampeleka chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Kezia hakubisha. Alikaa na wale watoto, akawafundisha wimbo mzima, kisha ibada ilipokwisha akanijia akasema, "Mama, nimepandishwa cheo. Sasa mimi ni mwalimu."

Nilicheka naye. Lakini njiani kurudi nyumbani niliona anatembea akiangalia chini.

Bado aliletwa na Clare. Huyo ni msichana wa mtaa wa Tassia ambaye tulizoeana naye kliniki, kwa sababu mdogo wake ana ugonjwa ule ule wa Kezia. Clare anafanya kazi kwa mtu anayeuza samaki wa kufugwa kwenye vioo. Siku hiyo alikuja na ndoo, akaiweka katikati ya sebule yangu, akaondoa kifuniko.

"Kezia, kuja uone rafiki yako."

Nilichungulia pia. Ndani kulikuwa na kitu chepesi cha rangi ya waridi, kirefu kama kidole changu cha kati, chenye mkia wa samaki, miguu minne, na vidole vidogo kama vya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Pande zote mbili za kichwa zilitoka nyuzi nyekundu kama manyoya ya kuku. Kilikuwa kimetulia kinatuangalia, na mdomo wake ulikuwa kama unatabasamu.

"Yesu," nikasema. "Hiki ni nini?"

"Anaitwa aksolotli, Mama. Asili yake ni mbali, lakini huyu alizaliwa hapa hapa Nairobi. Hana neno. Anataka maji baridi, na nyumba yenu ni baridi. Kule kwangu Tassia, gorofa ya juu, angeiva."

Kezia alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo. "Ni dume ama jike?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hatuwezi kujua. Huyu ni mtoto. Lazima ungoje mwaka, hata zaidi, mpaka akomae. Akikomaa utaona mwenyewe. Dume huvimba hapa nyuma ya miguu, kama amebana maharagwe mawili. Jike hapo huwa hapajajaa hivyo, lakini tumbo linapanuka, ukimwangalia kutoka juu unaona pande zote mbili zimetoka nje. Na hawa weupe, ncha za vidole huingia weusi."

"Na haya manyoya ya kichwani yatatoka akiwa mkubwa?"

"Hayo ni matamvua, ndiyo anapumulia. Hayatoki. Chura akikua anaacha mkia, si ndio? Huyu haachi kitu. Anakua na sura yake ya utoto, anazaa nayo, anazeeka nayo."

Nilikuwa namwangalia Kezia, simwangalii mnyama.

"Kwa hivyo mtu akimwangalia kichwa tu," akasema, "atakosea."

"Atakosea kila siku," Clare akasema.

Ndivyo jina lilivyobaki. Kila aliyeingia aliuliza, ni dume au jike, na Kezia akajibu, bado. Mwishowe watoto wa jirani wakawa wanakuja kumwamkia: "Niaje Bado?" Mama Lydiah, jirani yangu wa mlango wa pili, alikataa kuketi upande ule wa sebule.

"Mama Kezia, wewe mtu wa maombi unafuga pepo?"

"Pepo hali nyungunyungu, Mama Lydiah."

"Umemuuliza?"

"Nimemchimbia mimi mwenyewe. Angekuwa pepo angekula nyama yako."

Tulimweka kwenye kioo chini ya dirisha, mahali jua halifiki. Maji ya mfereji tuliyaacha yalale kwenye ndoo kwanza ili dawa itoke. Siku za joto tuliweka chupa ya barafu ndani, na Bado akaja kuiegemea kama mtu anayeota moto. Kezia alimlisha kwa mkono. Siku ambazo mifupa ilimuuma na hawezi kuinuka, nilimlisha mimi, naye akiwa kitandani ananiuliza, "Vidole vikoje?"

"Vyeupe."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia, mwanangu. Vyeupe kama jana."

Nilizoea kumwangalia yule mnyama kuliko nilivyodhani. Mjane ana muda wa kuangalia vitu.

Basi ikafika asubuhi moja, mvua ndogo ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nje nafua kwenye karai. Kezia alikuwa ndani anabadilisha maji ya Bado kwa jagi. Nikasikia jagi limewekwa chini, kisha akaja akasimama mlangoni.

"Mama, nimeona mwezi."

Niliinuka na sabuni mikononi. Sikuelewa mara moja. Wasichana aliosoma nao walikuwa wameshazaa.

"Ni damu? Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Mama, ni mwezi. Nimeungojea tangu darasa la saba." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, akashika mlango. Nilimkumbatia na ile sabuni yangu yote. Alikuwa mwepesi vile kwamba ningeweza kumbeba. Nilimshukuru Mungu pale pale, kwa sauti.

"Usiende kutangaza kanisani," akaniambia kwenye bega langu.

"Nitangaze kwa nini?"

"Nakujua na maombi yako ya shukrani."

"Sitasema."

Akajiondoa akaniangalia usoni. Macho yake yalikuwa na ule umanjano wa ugonjwa wake. "Lakini mtu akikuuliza, usiseme mimi ni mtoto. Hata akiuliza kwa wema, Mama."

"Sitasema," nikarudia. Lilikuwa neno jepesi siku ile.

Baridi ya Julai ndiyo iliyomwangusha. Maumivu yalianza mgongoni, yakaingia kifuani. Hospitalini, muuguzi alimtazama mara moja akamwelekeza wodi ya watoto, yenye twiga waliochorwa ukutani. Kezia akasema, kwa pumzi fupi fupi, "Dada, mimi ni mtu mzima." Muuguzi akasoma umri wake, akaomba radhi, lakini kule kwa watu wazima hapakuwa na kitanda. Alilala chini ya wale twiga. Kitanda kilimtosha, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mara moja aliniuliza, "Bado yukoje?"

"Yuko mzima. Mama Lydiah anamlisha."

"Mama Lydiah? Anamlisha na kijiko cha mita ngapi?"

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho. Alifariki mchana, jua limeingia dirishani, mimi nikimpaka mafuta miguuni. Bwana alitoa. Sehemu iliyobaki ya aya hiyo ilinichukua siku nyingi kuitamka.

Siku moja kabla ya kumsafirisha kwenda Alego, nyumbani kwa mume wangu, nyumba yangu ya Kaloleni ilijaa akina mama wa kanisa. Clare alikuja kumchukua Bado akae naye mpaka nirudi. Mwenye duka alikuwa amekubali awekwe pale dukani, penye ubaridi. Ili kumtoa kwenye kioo, alimtia kwanza kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, akakiinua juu dirishani kuangalia kama ana kidonda. Akabaki amekiinua hivyo.

"Mama," akasema taratibu. "Njoo uone vidole."

Nilikwenda. Ncha za vidole zilikuwa zimeingia weusi, kama mtu aliyemenya ndizi mbichi. Tangu Kezia alazwe, mimi sikuwa nimeangalia.

Clare alikizungusha chombo, akamtazama kwa chini, nyuma ya miguu, kisha akakishusha akamtazama kutoka juu. Tumbo lilikuwa limejaa pande zote mbili. "Ni jike. Na si leo amekuwa mkubwa. Labda ni wiki nyingi. Sisi ndio hatukuona."

Mama Lydiah alikuwa amesogea, kwa mara ya kwanza. "Lakini si bado ana yale manyoya ya utoto?"

"Hayo hayatoki, Mama Lydiah," nikasema.

Clare aliuliza kama tumpe sasa jina la jike. Nikamwambia amwache na lake. Aliyempa jina hakuwa amemaliza kumngojea.

Tulifika Alego. Asubuhi yake nilikuwa jikoni, nikikoroga uji wa waombolezaji, Selpher alipoingia na kufunga mlango wa mabati nyuma yake. Selpher ni mke wa Phares, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mwanamke mwema. Niliolewa nikamkuta, akanionyesha kisima, akanionyesha na watu wa kuogopa.

"Nyar Gem," akaniita, kwa jina wanaloniitia huko, binti wa Gem. "Wanaume wamenituma. Wanataka kujua kama mtoto alikuwa ameona mwezi."

Niliendelea kukoroga.

"Hawawezi kukuuliza wenyewe, unajua. Lakini msichana aliyekomaa ni mtu wa kwenda, boma lake liko mbele. Akilazwa ndani kwa baba yake, wazee wanasema anawafungia njia wale wengine wasiolewe." Akashusha sauti. "Sikiliza. Sema hapana. Nani atajua? Mwili wenyewe unajisemea. Sema hapana, alale hapo na Obonyo na Okoth, uwe unamwona kutoka mlangoni. Mimi nitapeleka jibu, wewe hata usitoke jikoni."

Aliuliza kwa wema. Nikaacha kukoroga, nikaketi juu ya kuni.

Sitaki kujifanya kuwa nilikuwa jasiri. Nilimwona Kezia amelala pale kushoto, jirani na kaka yake ambaye hawakuonana, na nilitamani jambo hilo kuliko nilivyotamani kitu chochote tangu nizaliwe. Neno moja tu, hapana. Halafu nikamwona amesimama mlangoni kwangu Kaloleni, anacheka na kulia. Miaka yote watu walimwangalia kichwa tu. Kama na mimi ningesema hapana, basi angekuwa mtoto milele, na ushahidi ungekuwa umetoka kwa mama yake.

"Shemeji yangu," nikamwambia, "nishikie huu mwiko."

Wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Phares akainuka nusu.

"Nyar Gem, kuna shida?"

"Nimesikia kuna swali, Shemeji."

Akajikuna shavu. "Swali hilo tumelituma kwa akina mama. Si la kuulizana hapa."

"Basi wacha nilijibu hapa, lisipotee njiani. Kezia alikuwa msichana mkubwa."

Mzee mmoja wa upande wa pili, mtu wa mdomo, akasema, "Yule? Mimi nilimwona Disemba akifukuza jogoo. Jogoo alikuwa mzito kuliko yeye."

"Mwili ulikuwa mdogo, Baba. Mimi niliyemzaa ndiye nasema."

Phares alinitazama kwa muda. Ana macho ya Obonyo, hilo ni jambo gumu kulizoea. "Unajua unachosema? Unajua atalala wapi?"

"Najua."

"Ungetuambia ni mtoto, tungeamini. Kila mtu hapa ameona ukubwa wa jeneza."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nikaona nafasi ndogo imebaki, nikaijaribu. "Nami niulize. Ayubu alikuwa na binti aitwaye Kezia. Neno linasema aliwapa binti zake urithi kati ya ndugu zao. Hakuwaweka nje."

Phares ni mzee wa kanisa. Alilifikiria neno lile kwa heshima kabla ya kujibu. "Ayubu hakuwa na boma Alego," akasema.

Yule mzee wa jogoo alianza kucheka, akainamisha kichwa. Phares hakucheka. "Ingekuwa ni mimi na wewe tu, ningemlaza ndani. Lakini nina wajukuu wasichana, na mama zao wananiangalia. Kesho mmoja akikosa mume, watakuja mlangoni kwangu na kaburi hili."

"Nimeelewa, Shemeji."

Basi wakachimba nje ya ua. Ua wetu ni wa mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Umekua miaka mingi, umepita kimo cha mtu. Mchungaji aliomba vizuri, na katika kumtaja alisema "dada yetu", hakusema "mtoto wetu", kwa sababu nilimwomba. Clare alikuwa ametuma shada. Tuliimba, tukamfunika.

Waombolezaji walipoondoka nilibaki pale Alego kungoja mvua. Kila asubuhi nilifungua mlango, namwona Obonyo, namwona Okoth, halafu naona mnyaa. Kumfikia Kezia ilibidi nitoke langoni nizunguke kama mtu anayekwenda kwa jirani. Niliomba Mungu anipe toba kama nilikosea, na sikupata jibu upande wowote.

Mvua ya vuli ilipoanza kulainisha udongo, nilichukua panga nikakata vijiti vya mnyaa kutoka ule ua wa zamani. Mti huo ukiukata ukauchomeka popote, unashika. Nilianzia kona ya boma, nikatoka nao nje, kijiti baada ya kijiti, nikizunguka upande wa mbali wa kaburi.

Phares alinikuta nimefika nusu. Alisimama na fimbo yake.

"Nyar Gem, unafanya nini?"

"Ua umezeeka, Shemeji. Naupanua."

"Unaupanua mpaka wapi?"

Nilichomeka kijiti kingine. Alikuwa anaona.

"Alilazwa nje," akasema.

"Alilazwa nje. Ulisema, tukamlaza, sikubisha."

Mvua nyepesi ilikuwa inatunyeshea sote wawili. Akageuka akaenda zake, nami nikajua anakwenda kuita wazee. Nikaendelea kuchomeka, kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza.

Alirudi peke yake. Fimbo alikuwa ameiacha, ameshika panga. "Umevipanda mbali mbali," akasema bila kuniangalia. "Ng'ombe atapita hapo. Na funga kitambaa machoni, utomvu utakupofusha." Kisha akaanza kukata vijiti, akawa ananitupia, nami nachomeka. Tulifanya hivyo mpaka tukaifikia kona ya pili. Ule ua wa zamani, uliosimama kati ya nyumba yangu na Kezia, hatukuugusa. Alipomaliza alilitazama kaburi, akavua kofia, akaenda nyumbani kwake.

Nimerudi Kaloleni sasa. Bado yuko chini ya dirisha, jike mzima mwenye matamvua ya utoto, na Mama Lydiah humletea nyungunyungu kwenye kikombe. Selpher hunipigia simu. Anasema vijiti vimeshika vyote isipokuwa vichache, ameshavirudishia. Mbuzi bado anaviruka. Nimemuuliza kama kutoka mlangoni kwangu kaburi linaonekana, akasema hapana, ule mnyaa mkubwa ungali umeziba, na hakuna anayethubutu kuuliza nani ataukata.

Nikienda Disemba nitabeba panga.